Mama Restuta, Ulishautua Mzigo

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile uliposhika kidole cha Baba, kisha mkono wako ukasahau kukishika. Jua lilikuwa limeshapanda. Mwamvua, jirani yetu, alikuwa uani anapepeta uwele wa uji wako, na aliendelea kupepeta kwa muda kabla yeyote hajapata sauti ya kumwambia aache.

Bado tuna mazoea ya kukuambia mambo. Mdogo wangu Joel akirudi kutoka kazini Mtumba huanzia mlangoni kusimulia, kama alivyokuwa akikusimulia wewe, kisha hunyamaza katikati ya sentensi. Baba huwa anakuachia nafasi kwenye jamvi. Hakuna aliyemwambia aache.

Watu wengi wa Miyuji, hapa Dodoma, walikujua kwa mlenda wako. Uliuanika uani, ukawatisha kuku kwa kandambili, ukausaga, ukaupeleka sokoni kwenye beseni la bluu. Mteja akikuta umekwisha, ulimwambia apite nyumbani jioni, na jioni ulimchotea ule wa sufuria yetu. Sisi tulikula ugali na chumvi tukinung'unika. Leo tungekula hivyo hivyo kila siku, Mama, tukikuona umekaa pale.

Watoto wa shule wakipita kwa kundi wakakuamkia kwa pamoja, ulikataa kuwaitikia kwa jumla. Ulitaka kila mmoja aseme shikamoo yake, nawe ukamjibu marahaba yake, ukamwuliza jina hata kama unalijua. Walichelewa kengele kwa ajili yako. Tulikucheka. Hatukujua kwamba kwako mtoto kutoitwa kwa jina lake lilikuwa jambo zito.

Na ulifua vitambaa vya Meza ya Bwana. Kila Jumamosi ulivitia wanga, ukavipiga pasi ya mkaa, ukavikunja, ukavibeba juu ya mikono miwili kama mtoto aliyelala. Jumapili vilitandikwa mbele, vyeupe kabisa. Wewe ulikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Watu walipoinuka kwenda mezani, ulikunja miguu wapite.

Sote tulidhani tunajua sababu. Ulikuwa umeolewa kimila. Ng'ombe walitolewa na wazee walikubaliana, lakini ndoa haikufika kanisani, na kwa utaratibu wa kanisa letu mume na mke wa namna hiyo hawakaribii Meza. Kwa hiyo daktari alipotuambia kwamba figo zako zimechoka na hazitarudi, Baba alikuwa na jambo moja tu kichwani. Alituita mimi na Joel akasema hutaondoka duniani kabla hujala kwenye ile meza uliyoitandikia maisha yako yote. Akaenda kuandikisha ndoa ibarikiwe.

Unaikumbuka siku ile, Mama. Ulikataa gauni, ukakubali kitenge. Mwamvua alishika jiko la pilau, akaleta na dada zake kutoka Busi, na alipomwona Baba amevaa suti ya kuazima akamwuliza mbele za watu kama bwana harusi amebakiwa na meno mangapi. Baba akamjibu kuwa yaliyobaki yanaitosha nyama yake, ilimradi ameipika ikaiva. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Mimi nilitazama kicheko kile nikaamini kwamba tumekuponya.

Mchungaji Eliakimu aliwabariki. Kisha ukafika wakati wa kwenda mezani. Baba aliinuka, akakunyooshea mkono. Wewe ukakaa chini.

Alidhani umechoka. Alitangulia hatua chache, akageuka, akakuta bado umekaa, umeinamisha kichwa, machozi yanadondokea kitenge kipya. Alisimama pale katikati, mezani hajafika na kwako ameshaondoka. Kisha akarudi akaketi karibu nawe. Kanisa zima liliona. Pilau ililiwa kwa sauti za chini, kama ya matanga.

Kesho yake tulikuwa wawili uani tunabangua karanga. Sikuweza kuvumilia. Nilikuuliza kuna nini tena kati yako na ile meza. Ulibangua kwa muda mrefu bila kula hata moja, kisha ukasema, "Priska, wewe si mtoto wangu wa kwanza."

Maisha yangu yote uliitwa Mama Priska. Sokoni, kanisani, hospitalini. Na kumbe kila mara jina hilo lilipotamkwa, jina jingine lilizikwa upya.

Ulinisimulia habari za Restuta, binti yenu wa kwanza. Ilikuwa kijijini, ng'ambo ya Bahi, mwaka wa ukame. Wanawake mlishuka korongoni, mkachimba mashimo kwenye mchanga, mkawa mnasubiri maji yajichuje taratibu kutoka chini. Kusubiri kulichosha, na mlikuwa mmebeba ngoma, kwa sababu nyinyi ndio mliokuwa wapigaji wa muheme, ngoma ya wanawake, kwa kijiji kizima. Ulikuwa mama kijana, na ulisifiwa kwa mikono yako. Ukaibana ngoma kati ya mapaja, ukapiga. Restuta alikuwa anacheza karibu yako. Halafu hakuwa karibu yako. Alikuwa amefuata maji kwenye shimo lako mwenyewe, na mchanga wa ukingo ukaporomoka. Alipoitwa hakuitika, na kama yeye ndiye aliyeita, ngoma ilimzidi sauti.

Wenzako walikusaidia kufukua kwa mikono. Kwa kukuhurumia, wote waliwaambia watu kwamba mtoto alikuponyoka ulipokuwa unachota. Hata Baba aliambiwa hivyo. Wazee wakasema jina la mtoto lisitajwe nyumbani ili usirukwe na akili. Ukaweka ngoma chini. Ndipo nilipoelewa kwa nini kila harusi, ngoma zikianza, ulijipatia kazi jikoni na kugonganisha masufuria.

Nilikushika mikono nikakuambia haikuwa kosa lako. Nilikuambia kila nilichojifunza chuoni kuhusu majonzi na ajali, na nilikisema kwa moyo wote, kwa sababu nilitaka upone siku ile ile, pale pale. Ulinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kila mtu angesema hivyo, mwanangu," ukaniambia. "Mkisema siyo kosa langu, mzigo hauondoki. Nakosa tu wa kumpa."

Jioni ulimwambia Baba mwenyewe. Alitoka, akaenda mpaka kwenye shamba la zabibu, akakaa huko hata nikaogopa. Aliporudi aliketi kando yako, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikamsikia akilitamka jina lile. Alisema, "Restuta alikuwa hawezi kutulia ukiipiga ile ngoma." Halafu mkalia wote wawili, na mimi na Joel tukatoka nje.

Siku zilivyosogea ulizidi kuvimba miguu, na tulijua kwamba sasa tunashindana na muda. Baba alimwita Mchungaji Eliakimu. Alikuja mchana bila kanzu yake, akakuamkia, akavuta kigoda, akachukua konzi ya karanga kwenye ungo wako akaanza kubangua nasi. Ulimweleza yote bila kupunguza. Nilisubiri akuambie yale yale niliyokuambia mimi. Hakusema.

"Sawa, mama," alisema. "Tuseme ni kosa lako. Sasa hilo, Kristo alilifia au hakulifia?"

Ukasema wewe hujawahi kumpelekea hilo. Mengine yote uliungama, hilo ulilibakiza, kwa sababu Restuta alikuwa wako, na uliona ukisamehewa utakuwa umemwacha tena peke yake shimoni.

Mchungaji aliacha kubangua. Alikuambia kwamba Yesu hakuchagua ya kubeba pale msalabani, akachukua mepesi akakuachia lile zito. Kwamba alizikwa na yeye, akajua giza la kufunikwa, kwa hiyo hakuna shimo ambalo mtoto wako amelala na yeye hajafika. Kusamehewa si kumwacha Restuta, alisema, ni kumkabidhi kwa mwenye mikono ya kumshika. Halafu akakuuliza tena, polepole kabisa, kama anayemwuliza mgonjwa panapouma.

"Alilifia, mama?"

"Alilifia," ukasema.

Sijui namna ya kuyaeleza niliyoyaona baada ya hapo. Hukuanguka, hukupiga kelele. Mabega yako yalishuka. Ndivyo yanavyoshuka mabega ya wanawake waliotoka na ndoo mbali, mtu mwingine akiwatua. Uliomba maji ya kunywa. Ukalala usingizi mzito mchana kweupe, na kuku wakala mlenda wote uliokuwa jamvini, na hakuna aliyethubutu kuwafukuza wasije wakakuamsha.

Kabla mchungaji hajaondoka ulimwomba kitu kimoja: siku ukija mezani, akuite Mama Restuta.

Pasaka ile Joel alikushika mkono huu na Baba huu. Ulitembea kutoka benchi la nyuma hadi mbele, na njia ilikuwa ndefu kwa miguu yako. Kwenye kitambaa ulichokifua mwenyewe palikuwa na mkate na kikombe. Mchungaji akakuita kwa sauti ambayo kanisa lote lilisikia, "Mama Restuta." Wanawake waligeuka kunitazama mimi, wakidhani amekosea. Mimi nilikuwa nalia kwa furaha, Mama, na sikuona wivu hata kidogo. Nilikuwa nimepata dada.

Tuliomba figo zako zipone. Zile hazikupona. Kilichopona ni kile ambacho kwa miaka yote hatukujua kwamba kinauma. Nitasema ukweli, kuna siku moyo wangu unagoma. Namwuliza Mungu kwa nini tulipewa mama mwepesi kwa muda mfupi namna ile, kuanzia Pasaka hadi pepo za kiangazi zilipoanza kutimua vumbi. Ulikuwa unaimba ukichambua mboga. Ulimsimulia kila aliyeketi karibu nawe kuhusu Restuta: alivyopenda maziwa mgando, alivyoogopa jogoo. Tulikuwa ndiyo kwanza tunakufahamu. Kisha ukaondoka.

Lakini namkumbuka mama aliyelala mchana kweupe, na siwezi kusema kwamba Mungu hakutusikia. Kama kuna anayesoma maneno haya akiwa kwenye benchi lake la nyuma, analo jambo alilolibakiza kwa sababu anaona ni kubwa mno au kwa sababu kila mtu anamwambia si kitu, tunamwomba asisubiri ugonjwa kama mama yetu alivyosubiri. Kristo alilifia hata hilo. Mama yetu alilipeleka, na alipokelewa.

Tulikulaza kijijini kwenu kama ulivyotuagiza, kando ya kaburi dogo ambalo halikuwa na alama. Sasa lina alama. Msalaba ni mmoja, majina ni mawili. Mwamvua alikuja kutoka Dodoma na vazi lake la msiba, akakaa nasi mpaka tulipoondoka, na tangu siku ile hajawahi kukosea jina lako. Baba bado anakosea. Anasema, "Mama Priska angependa," kisha anajirudi, "Mama Restuta angependa."

Kuna jambo moja tunalolirudia nyumbani kila tunapokutana, na leo tunalirudia mbele za watu ili lisipotee.

Ilikuwa mchana, majuma machache kabla hujatuacha. Ulimwambia Joel akuazimie muheme kwa akina mama wa kwaya. Tulitazamana, lakini alikwenda akaileta. Hukuwa na nguvu tena ya kuibana kati ya mapaja, kwa hiyo Joel alipiga magoti mbele yako akakushikia. Uliipapasa kwanza ngozi yake. Ukapiga kidogo, kwa vidole. Ukapiga tena, kwa kiganja, na kweli ulikuwa na mikono ya ngoma, Mama, hata wapita njia walisimama.

Halafu ukaacha ghafla. Ukainua uso, ukasikiliza, kama mama anayehakikisha kwamba hajaitwa. Uani palikuwa kimya. Sote tulisubiri kuona kama utalia, kama utaisukuma ngoma ile na kurudi ulikotoka.

Ukatabasamu. Ukaendelea kupiga.

Unakumbukwa na mume wako Methusela, na watoto wako Priska na Joel, na ndugu zako wa Bahi, na jirani yako Mwamvua na nyumba yake, na Mchungaji Eliakimu pamoja na akina mama wa kanisa, ambao sasa wanafua vitambaa kwa zamu na bado havijawa vyeupe kama vyako.

Msalimie Restuta. Mwambie dada na kaka yake wanamjua kwa jina. Hatutakusahau, Mama Restuta, siku zote za maisha yetu.