Madigadi ya Pikapu ya Bosi

Mjukuu wangu Aneth,

Marahaba. Huku Kibosho tu wazima, ng'ombe amezaa, na baba yako bado anaahidi kurekebisha lile bomba.

Unauliza kama ukubali kuhamia kitengo kipya, maana kiwanda chenu cha chuma kinaongeza milango na madigadi ya magari. Basi sikia. Nilipokuwa napaka rangi kiwandani Moshi, miaka ile magari ya mitumba yalipoanza kumiminika, bosi wetu naye alinunua mashine ya kukunja mabati. Kalibu ya kuyapa mabati umbo ikatengenezwa kwa kunakili madigadi ya pikapu yake mwenyewe, iliyowahi kuanguka mtaroni huku kwetu, ikanyooshwa kwa nyundo na kubaki imepinda kidogo.

Madigadi ya kwanza yakajaribiwa kwenye pikapu hiyohiyo. Yakakaa sawasawa. Bosi akachinja mbuzi, tukanywa mbege.

Yakapelekwa Himo kuuzwa, yakarudi. Hayakuingia kwenye gari la mtu yeyote. Bosi akasema mafundi wa Himo hawajui kazi, akayajaribu tena. Kwenye nini? Pikapu yake.

"Mnaona? Yanaingia bila nyundo," akatuambia. Mpaka leo nikikumbuka nachoka.

Yaliyofuata tuyaache. Tulirudi nyumbani wote.

Wewe nenda, ila siku ya kwanza uliza wanajaribia kwenye gari la nani.

Mimi madigadi niliyorudi nayo nimeezekea banda la kuku. Yanalaliana vizuri kabisa, maana yote yamepinda mahali pamoja.

Ni mimi bibi yako,
Mama Aloyce