Mvinyo Uliotiwa Kimea

Kalangalala, Geita
Machi 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, tafuta kigoda ukae, na umwite Baba asikie, kwa sababu sitaki habari hizi zisomwe mtu akiwa amesimama jikoni. Mimi ni mzima, malaria iliyonishika mwanzoni mwa mwaka imekwisha kabisa. Je, goti la Baba linaendeleaje na baridi hii ya mvua? Na zabibu zetu hapo Hombolo zimesalimika, au zimepasukia kwenye mashina? Huku mvua hizi za ajabu zimeifanya barabara ya soko kuwa mto, na watu wanavushana mgongoni.

Unamkumbuka Minza, fundi cherehani niliyekuandikia habari zake, yule anayeshona kwenye baraza linalotazamana na duka ninakofanya kazi. Mwezi wa kwanza nilikwenda kwao, upande wa Bugarama, kumposa kwa baba yake, Mzee Masanja. Nilivaa lile shati jeupe, nikasalimia Kisukuma, "Mwangaluka, baba," wakafurahi. Nikaeleza nia yangu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia:

"Kijana, maneno yako mazuri na kazi unayo. Lakini umekuja peke yako kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Watu wako wako wapi?"

Nikamweleza kwamba watu wangu wako Dodoma, Baba anaumwa goti, na reli imekatwa na mafuriko.

"Binti yangu akionewa huko kwako, nitamshitakia nani? Nikapande hiyo treni iliyokatika?"

Wote waliokuwepo wakacheka, nami nikacheka ingawa sikupenda. Ndipo akatoa sharti lake. Kwa kuwa watu wangu hawafiki, nilete pombe ya kwetu. Isiwe ya dukani, iwe ya mkono, nami nirudi nayo pamoja na mtu wa kunisemea. Akiionja atajua nimetoka kwa watu wa namna gani. "Nakungoja mpaka mvua zipungue," akasema. "Lakini ujue kuna mwingine naye anangoja." Huyo mwingine ni mnunuzi wa dhahabu mwenye pikipiki nyekundu, na Minza aliniambia tayari alikwishapeleka vitenge.

Mama, pombe ya kwetu mimi ninayoijua ni moja tu, ule mvinyo wako wa zabibu. Lakini zabibu mbichi nitazitoa wapi Geita? Hata kama reli ingekuwa nzima, zingefika zimekuwa uji. Nilikaa na wazo hilo hadi siku nilipokuwa napanga stoo. Bosi wangu, Mzee Jafari, alikuwa ameagiza maboksi ya juisi ya zabibu kutoka Afrika Kusini kwa ajili ya kambi ya Wazungu wanaotafuta madini. Kambi ikapunguza watu, maboksi yakabaki. Nikasoma pakiti moja kila upande. Haikuwa na dawa ya kuzuia kuoza, ilikuwa juisi tupu iliyochemshwa. Yenye dawa ingekaa tu, isichache kamwe.

Nilimweleza Mzee Jafari ukweli, maana ni Mwislamu mcha Mungu na sikutaka kumzunguka. Akavua miwani.

"Unataka juisi?"

"Ndiyo, bosi. Lakini nitakwenda ku..."

"Nimekuuliza, unataka juisi?"

"Nataka juisi."

"Basi mimi nimekupa juisi. Ikishavuka mlango huu, usiniambie habari zake. Hata ukioa, uniambie umeoa tu."

Nikaanza kazi kama ulivyonifundisha, isipokuwa pale ambapo haikuwezekana. Zabibu za shambani zinachacha zenyewe, lakini juisi iliyochemshwa kiwandani haina uhai wowote. Kwa hiyo nilikoroga hamira kidogo katika maji ya uvuguvugu, nikaongeza sukari, nikamimina vyote katika ndoo kubwa niliyoiosha kwa maji ya moto. Kifuniko nilikitoboa tundu, nikapitisha mpira mwembamba wa dripu nilioupata duka la dawa, na ncha yake nikaizamisha katika chupa ya maji, ili pumzi itoke na inzi wasiingie. Kesho yake asubuhi maji yale yalianza kutoa mapovu, bwabwabwa, nami nikaandika katika shajara yangu: "Imeamka." Nilikuwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto.

Minza alikuja kuona, akainama, akanusa, akauliza, "Kwa nini unajisumbua? Pale baa wanauza mvinyo wa Dodoma wa chupa. Nunua, mimina humu, nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Haya, na mwenye pikipiki naye anajua kuendesha pikipiki," akasema, akaondoka huku akicheka. Mama, binti huyu ana mdomo. Mtapatana.

Baada ya siku kadhaa mapovu yakapungua, kisha yakakoma. Wewe unajua hapo mvinyo unatulia, machicha yanashuka chini, na mtu hatakiwi kuugusa. Nami sikuugusa. Tatizo ni kwamba Mzee Jafari alinituma Nkome kupeleka chumvi kwa wafanyabiashara wa samaki, nikalala huko kwa sababu ya tope. Ndoo nikamwachia mama mwenye nyumba, Mama Kulwa. Huyu ni Msukuma, mama wa mapacha, na hakuna anayepika pombe ya ulezi kumzidi mtaani kwetu. Nilimwomba ailinde tu watoto wasiichezee. Nilipaswa kusema zaidi.

Niliporudi, kabla sijafungua mlango, nilisikia chumba kinanguruma. Kifuniko kilikuwa kimeinuka, povu la rangi ya kahawia limeshuka hadi kwenye godoro, na mpira wangu unaning'inia ukutani. Mama Kulwa akaja nyuma yangu anapangusa mikono kwenye kanga, uso umejaa ushindi.

"Umeona? Nimekuokolea pombe yako!"

"Mama Kulwa, umeweka nini humu?"

"Kimea. Na uji kidogo wa moto. Mwanangu, uliiacha imekufa. Niliweka sikio hapa, kimya! Nikasema, mtoto wa watu atakosa mke mimi niko hapa?"

"Haikufa! Ilikuwa inatulia!"

"Pombe ikinyamaza kabla ya kunywewa, imekufa. Huko kwenu mnakunywa maiti?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Nilitaka kumfokea, Mama, lakini nitamfokeaje mtu aliyesaga kimea chake cha akiba kwa ajili yangu? Juisi nyingine haikuwepo, Mzee Jafari alikuwa amemaliza kuiuza. Mvua nazo zilikuwa zimeanza kupungua. Na zaidi ya hayo, mtu niliyemwomba anisemee kwa Mzee Masanja alikuwa Mama Kulwa huyohuyo.

Basi tukaichuja kwa kitambaa cha bitana alichotuletea Minza, tukaitia kwenye dumu. Rangi yake ilikuwa kama maji ya mfinyanzi. Harufu yake upande mmoja ilikuwa Hombolo, upande mwingine kilabuni. Njiani, ndani ya pikapu, dumu likawa linavimba, ikabidi nilegeze kifuniko kila tulipopanda kilima. Kila lilipopiga chafya abiria walisema, "Pole, bwana harusi."

Kwa Mzee Masanja tulikuta wazee wamekaa na mama zake Minza wamejipanga mlangoni. Mama Kulwa akanywa wa kwanza, kama ilivyo desturi ya aliyeleta, kuonyesha haina ubaya. Kisha mzee akapewa kibuyu. Akaonja. Akatazama ndani. Akaonja tena.

"Hii ndiyo pombe ya Dodoma?"

Mama Kulwa alinikanyaga mguu, akitaka niseme ndiyo. Kwa kweli neno lilifika mdomoni. Lakini nikaona nikianza kwa uongo, nitaishi nao miaka yote nitakayomwita mzee huyu baba.

"Hapana, baba," nikasema. "Mama yangu Dodoma anapika kwa zabibu za shambani kwetu. Mimi nimetumia juisi ya maboksi kutoka Afrika Kusini, na hamira ya maandazi. Ilikuwa inaelekea kufanana na ya kwetu. Nikasafiri, na huyu mama akaikuta imenyamaza, akatia kimea."

"Alikuomba ruhusa?"

"Hakuomba."

"Ulimfukuza?"

"Nitamfukuzaje, baba? Nyumba ni yake."

Mzee akaanza kucheka taratibu, mabega kwanza, halafu tumbo. Akamgeukia Mama Kulwa, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, uliingiza mkono kwenye chungu cha mtu bila kuuliza?"

"Chungu cha nani? Cha mwanangu!" akajibu Mama Kulwa kwa hasira. "Ningekaa nitazame anaaibika?"

"Wabeja," akasema mzee, yaani ahsante. Kisha akawaambia wazee wenzake, "Nilimwuliza kijana huyu watu wake wako wapi. Mgeni haingizi mkono kwenye chungu chako. Anayeingiza bila kuuliza ni ndugu. Binti yangu akionewa, nitakwenda kumshitakia mama huyu, na nadhani atampiga kijana kabla sijamaliza kueleza."

"Nitampiga!" akasema Mama Kulwa.

Wakapiga vigelegele, Mama. Nimeposa na nimepewa. Vitenge vya mwenye pikipiki vimerudishwa. Mzee anasema reli ikipona mje nyote, na mambo ya mahari yatangoja mpaka Baba akae naye uso kwa uso.

Nisalimie Baba, umwambie nasubiri neno lake la idhini, nisijione nimemtangulia. Nisalimie Dada Rehema na mumewe, na mjomba anayepogoa zabibu zetu, na bibi, umpigie kelele sikioni mpaka aelewe kwamba ni mke, si kazi mpya. Mzee Jafari nimemwambia nimeoa tu, kama alivyotaka. Amenipa siku mbili za kupumzika na mfuko wa mchele.

Minza amekaa hapa pembeni ananichungulia begani, anataka niandike kwamba mkweo anakusalimu. Nimemwambia neno hilo aliandike mwenyewe. Nampa kalamu.

Mwanao akupendaye,
Elia

Shikamoo Mama. Ni mimi, Minza. Asikudanganye, ilikuwa chachu mno na ilitukwaruza koo wote. Lakini baba yangu alimaliza kibuyu chake akaomba kingine.