Ndege Iliyokalia Mkia

Jumanne, tarehe 3 Juni

Nimeziba madirisha manne ya ndege leo. Yamebaki kumi. Kila dirisha nalikatia kipande cha plastiki, nakibandika, naacha kikauke, kisha nasugua kwa msasa mpaka ukipitisha kidole husikii kitu. Kazi ya mtu asiye na haraka.

Plastiki ya bidon, lile dumu la manjano la maji, haishiki gundi. Nimepoteza siku mbili kuligundua hilo. Nikakata kifuniko kigumu cha CD ya kwaya. Kimeshika vizuri kabisa. CD ni ya Kavira, mke wangu. Asijue.

Gundi natengeneza mwenyewe: mabaki ya plastiki ndani ya kichupa, namwagia dawa ya kutoa rangi ya kucha. Kesho yake ni uji mzito. Dawa naomba kwa Furaha, jirani yetu mwenye saluni. Leo amenitazama juu mpaka chini. "Papa Kasereka, utamaliza dissolvant yangu yote juu ya hiyo kandege!" Akanipa hata hivyo.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Madirisha matatu. Msasa umenichuna kidole gumba.

Niandike mambo yalivyo, maana kichwa kinazeeka. Ndege hii ni Antonov ya plastiki, ya kuunganisha kipande kwa kipande. Urefu wake ni kutoka kiwiko changu hadi vidoleni. Rubani mmoja aliniachia sanduku lake alipokuwa anarudi kwao, likakaa chini ya kitanda miaka na miaka. Sanduku linasema ni ndege ya abiria: viti, madirisha, pazia. Mimi sitaki abiria. Naigeuza iwe ile yetu ya mizigo, iliyotolewa viti vyote na kuzibwa madirisha, ikabeba maharagwe, bati, mafuta ya mawese, hata mbuzi.

Nilifanya kazi uwanja wa ndege miaka ishirini na mitatu. Kazi yangu ilikuwa centrage, yaani kupanga mizigo ndani ili ndege isilemee mbele wala nyuma. Sikuwahi kukosea hata mara moja. Uwanja uko nyuma ya nyumba yetu hapa Murara, mjini Goma, na tangu vita vya Januari hakuna injini inayounguruma. Kimya hicho ndicho kilichonifanya nilitoe sanduku chini ya kitanda.

Kavira mwenyewe nilimpata ndani ya Antonov. Alikuwa convoyeur. Ndege ya mizigo haikuruhusiwa kuchukua abiria, lakini mwenye mzigo aliruhusiwa kuusindikiza, akae juu ya magunia yake. Bila mzigo hupandi. Mimi ndiye niliyekuwa nakagua. Alikuwa na magunia sita na mdomo wa magunia kumi.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Kavira amepiga simu kutoka Butembo. Alikwenda kuuza vitenge wiki moja kabla vita havijaingia mjini. Ndege hakuna, barabara imekatika. Mwezi wa sita huu yuko kule.

Anasema nimfuate kule. Nimemwambia nikiacha nyumba, nikirudi nitakuta watu wengine wanapika jikoni mwangu. Kisha akaniambia binamu yake amempatia nafasi sokoni, pazuri, karibu na mlango. Amelisema kwa furaha.

Naogopa hatarudi. Basi, nimeliandika.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Madirisha yote yamekwisha! Nimechanganya poda ya watoto na rangi ya kucha isiyo na rangi, nikapaka kwenye nyufa. Ndege inanukia kama mtoto aliyetoka kuoga.

Ugomvi na Sebagenzi. Huyu tulifanya naye kazi. Yeye alikuwa mpakiaji, mabega kama mlango. Vita vilimtoa kijijini kwake Kibati, sasa anakaa chumba chetu cha nyuma. Tangu aje anasema "asante" na "muchana muzuri", hakuna zaidi. Shamba lake analiwaza, namjua.

Leo ameniona na kisu, nataka kukata mlango wa mizigo upande wa kushoto. "Hapana, si huko!" Nikamwambia mimi ndiye nilikuwa bosi. Alichukua gunia la makaa, akalitupa begani, akapanda ngazi isiyokuwepo katikati ya ua wetu, akainama, akageuka kushoto. Akashuka, akarudia. Kila mara kushoto. Basi mwili wake unakumbuka: ukiingia na mzigo unageukia mkiani, na mkia uko kushoto kwako. Maana yake mlango ni wa upande wa kulia.

Nimekata kulia. Nimemshukuru, nusu mdomo. Makaa yamemwagika na mimi ndiye niliyefagia.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Nusu mbili za mwili zimeungana. Nimezifunga kwa mipira ya kufungia nywele kutoka saluni, zikakaa siku tatu. Mstari wa maungio hauonekani. Nimepaka nyeupe, nikaongeza bluu ubavuni. Sebagenzi ameshona magunia ishirini kwa kitambaa, kila moja kama punje ya haragwe, yamepangwa ndani nyuma ya mlango. Vidole vile vinene! Sikuamini.

Nina furaha leo. Sioni sababu ya kuificha.

Ijumaa, tarehe 20 Juni

Aibu.

Nimebandika magurudumu, nikaisimamisha mezani. Ikaketi. Pua juu, mkia chini, kama kuku anayeatamia. Nikaiinua, nikaiweka tena. Ikaketi tena.

Nimesahau uzito wa puani. Magunia yote yako nyuma, mbele hakuna kitu. Mimi! Mtu wa centrage! Mganga hajigangi, lakini hii imezidi.

Sebagenzi aliegemea ukuta. "Weye, Kasereka? Weye umesahau centrage?" Akacheka mpaka akakaa chini, akapangusa machozi kwa shati. Sijamsikia akicheka tangu atoke Kibati. Nilikasirika kwa dakika moja, kisha nikacheka na mimi.

Dawa yake: kufungua paa dogo la chumba cha marubani, kutia kitu kizito ndani, kufunga tena. Lakini nafasi ni ndogo. Jiwe letu la volkano ni jepesi, lina matundu. Nati za gari haziingii. Kinachofaa ni risasi. Wavuvi wanaitundika kwenye nyavu zao. Nitakwenda Kituku, soko lao la kando ya ziwa.

Jumapili, tarehe 22 Juni

Baada ya misa, simu ya Kavira. Kesho kutwa anaondoka Butembo na mabelo mawili, yaani robota mbili za vitenge, mpaka Kasindi, mpakani. Kutoka pale mtu anaweza kuzunguka kwa kupitia Uganda na kuingia huku kwenye mpaka wa Bunagana. Au anaweza kuuza palepale na kurudi Butembo. "Nikifika Kasindi nitakupigia, Papa. Tutaamua."

Tutaamua. Miaka thelathini na moja ya ndoa, huyu mwanamke hajawahi kungoja mtu aamue naye. Akisema hivyo ana lake tayari.

Nimetengeneza maneno ya kumwambia. Nimeyaandika kwenye karatasi, nikaichana.

Jumatano, tarehe 25 Juni

Niandike polepole.

Asubuhi Kituku. Mitumbwi imeingia, sambaza, dagaa wetu wa ziwani, wanang'aa kwenye mabeseni, watu wengi. Nikasimama katikati ya wenye nyavu, nikasema kwa sauti ya mtu mzima aliyesoma: "Natafuta risasi. Ndogo ndogo. Vipande vinne vinatosha."

Mama mmoja akainua beseni lake akaondoka. Kijana wa nyavu akasema bila kuniangalia: "Papa, huku ni sambaza tu."

Nikadhani hawanielewi. Nikarudia kwa nguvu zaidi! Mjinga mimi. Shuleni nilifundishwa kwamba risasi ni ule uzito laini wa kijivu. Sikukumbuka kwamba Goma nzima inauita plomb, na kwamba risasi hapa ni kitu kimoja tu, kile kinachotoka kwenye bunduki.

Mkono ukanishika begani. Vijana wawili wenye bunduki.

"Masasi ya nini, muzee?"

"Ya ndege."

"Ndege gani?"

"Antonov. Iko kwangu Murara. Inakalia mkia."

Ni kweli tupu, kila neno. Walinipeleka kwenye kituo chao.

Benchi, ukuta, saa zinapita. Simu walichukua. Niliisikia ikilia chumba cha pili. Nikajua ni nani. Ikalia tena. Nikawaomba nijibu, nikasema ni mke wangu, yuko Kasindi, anangoja neno. Yule wa mlangoni akasema, nikae. Mara sita imelia. Nilihesabu. Sijawahi kuchukia sauti ya simu yangu mwenyewe namna ile.

Alasiri wakanipandisha gari mpaka nyumbani. Barabara yetu nzima nje. Furaha ameshika mashine ya kunyolea mkononi, inaunguruma bure. Sebagenzi amesimama mlangoni, hajasogea mpaka walipomsukuma. Wamepekua chini ya kitanda, ndani ya unga, juu ya dari. Kisha mkubwa wao akaiona pale mezani, pua juu. Akaiinua kwa vidole viwili. Akachungulia mlangoni, akaona magunia. Akayahesabu kwa midomo.

"Ni hii?"

"Ni hiyo."

Akaiweka. Ikaketi. Akaangua kicheko, na wenzake wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Akanirudishia simu. "Siku ingine sema plomb, muzee."

Walipoondoka Furaha akaja mbio. Kavira alipokosa kunipata alipiga saluni. Furaha, Mungu amsamehe, akamwambia: wamemukamata juu ya masasi.

Nimempigia Kavira mara kumi. Simu yake imezimwa.

Alhamisi, tarehe 26 Juni

Imezimwa.

Sebagenzi alitoka asubuhi bila kuaga. Amerudi mchana na vipande vinne vya plomb mfukoni. Anasema alifika Kituku, akatamka neno moja tu, wakampa na sambaza juu yake. Bado wananicheka kule.

Sijala sambaza.

Ijumaa, tarehe 27 Juni

Imezimwa. Nimempigia binamu yake Butembo. Kwake hajarudi. Kwangu hajafika. Hapo katikati kuna mpaka, kuna Uganda, kuna mpaka mwingine, kuna Rutshuru na watu wa Rutshuru wanaokimbia na wanaorudi.

Nimefungua paa la marubani, nimetia plomb, nimefunga. Ndege imesimama kwa magurudumu matatu, sawasawa. Sebagenzi amepiga makofi. Mimi nimeiangalia kama kitu cha mtu mwingine. Nilikuwa natafuta uzito wa plastiki siku ile mke wangu ananitafuta. Hilo linaniuma, halina dawa.

Jumamosi, tarehe 28 Juni

Amefika!

Saa tisa alasiri. Motari, pikipiki ya abiria, imesimama mlangoni, mtu ameshuka, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Sikumtambua mpaka alipoanza kunigombeza. Kwamba nimezeeka vibaya. Kwamba mtu mwenye akili hatafuti masasi sokoni. Kwamba ametapika Uganda nzima. Alininyooshea kidole, kisha kidole kikashindwa, akakaa kwenye ngazi.

Nikaenda kwa motari kupakua. Hakuna cha kupakua. Kifuko cha mkononi, basi. Kavira hajawahi kusafiri bila mzigo tangu nimjue, hata kwenye matanga anakwenda na vitenge vya kuuza. Nikamuuliza mabelo yako wapi.

"Nimeyaacha Kasindi kwa mama mumoja."

"Na muzigo wa kuja nao huku?"

"Muzigo ni miye."

Jioni ameniambia, bila kunizunguka. Siku ile ya simu sita alikuwa anapiga kuniaga. Alikuwa ameikubali nafasi ya sokoni. Angesema: nimechoka, Kasereka, nabaki Butembo, ukitaka uje. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Mimi sikupokea. Akapiga saluni ili Furaha aniite, akasikia nimekamatwa. Akazima simu ili abakize moto wa betri, akavuka mpaka na basi la kwanza.

Ningepokea, asingekuja.

Nimemwambia nawashukuru walionikamata. Amenipiga na kitambaa cha kichwa, vumbi lote machoni mwangu. Sebagenzi alikuwa amekwisha kukimbilia chumba chake.

Jumapili, tarehe 29 Juni

Hatukwenda misa. Kavira amelala mpaka saa sita. Harufu ya gundi inamkohoza, kwa hiyo nimefunga vichupa vyote, nimehamisha meza chumba cha nyuma. Panga za injini, zile zinazozunguka, bado hazijabandikwa. Sebagenzi ataziangalia akitaka. Kuhusu CD ameuliza. Nimesema ukweli. Ameangalia ndege, akaguna tu.

Nimepika maharagwe na mawese, moto mdogo, tangu asubuhi. Amekula sahani mbili, akarudi kulala. Sokoni kule wanamngojea mpaka mwisho wa mwezi ujao, amesema. Hakusema atafanya nini. Sikuuliza.

Nimetoa viatu vyake nje nikapangusa vumbi. Cha kulia kimefumuka soli, kimetembea kama kilivyo kutoka Bunagana. Fundi wa viatu yuko pale kona, hata Jumapili anafanya kazi. Nimekiangalia kile kiatu kwa muda. Nimekirudisha chini ya kitanda kilivyo; kiatu kilichoshonwa ni kiatu cha safari.