Mlima Mdogo kwenye Kioo

Jumamosi, 6 Septemba 2014

Mimi ni mke wa mtu! Bado napenda kuliandika hilo. Leo mume wangu alinipeleka Mbarara, mkono wake juu ya wangu njia nzima kutoka kambini Kashojwa. Wengine hupelekwa kununua kitenge. Mimi na Ntwari tulikwenda kununua kompyuta ya kuzamia.

Kazi yenyewe ni hii: mwenye shamba la chai kule mbele ya Bushenyi, kwenye maziwa ya mashimo ya volkeno, pampu yake kubwa imezama. Ziwa lina kina cha kutisha. Zamani, ziwani huko Uvira, Ntwari alikuwa akitoa boti zilizozama, lakini si chini namna hiyo. Anasema ukikaa chini sana, hewa inaingia mwilini kama gesi ndani ya soda. Ukipanda haraka, ni soda iliyofunguliwa ghafla. Kwa hiyo unapanda polepole na kusimama njiani — palier, wanaita — na kompyuta mkononi ndiyo inayokuambia muda wa kusimama umekwisha.

Nilimwambia basi wewe ni soda yangu. Alicheka mpaka abiria wakageuka.

Bwana Rwakabuba, anayeuza kamera na darubini za mitumba, alikuwa na kompyuta mbili. Ya kwanza inajua yenyewe kama iko mlimani au chini, haihitaji kuambiwa. Lakini inaelewa hewa ya aina moja tu. Ya pili inakubali chupa mbili: hewa ya kawaida chini, na oksijeni kwenye palier. Ntwari alitaka oksijeni. Tukachukua ya pili.

"Hii iko mzuri," alisema Rwakabuba, "lakini lazima naambia yeye kila kitu." Akaonyesha alama ya mlima mdogo kwenye kioo. "Wewe nazamia kwa mlima ama kwa chini?"

"Mlima?" Ntwari alicheka. "Mzee, sisi tunatoka Minembwe, juu ya milima kabisa. Kule asubuhi ng'ombe zinatoka moshi mu pua. Huku kwenu ni bonde." Akanigeukia. "Ao namna gani, bibi yangu?"

Nikasema huku si bonde, ni shimo la moto. Tukacheka wote. Akanipa mimi niuzime mlima. Nilibonyeza kwa kidole chenye pete. Ukapotea.

Jumatano, 10 Septemba

Ameenda ziwani na Adolphe, rafiki yake wa tangu Uvira, kufanya mazoezi. Nimelala upande wake wa kitanda. Mto una harufu yake. Sina kingine cha kuandika.

Jumapili, 14 Septemba

Amerudi! Nilimpikia sombe, majani ya muhogo, na samaki. Mgongoni ana madoa mekundu yanayowasha. Nikadhani ni kunguni wa nyumba za wachuma chai, nikaanika nguo zake zote juani.

Kanisani, wakati wa kuimba, watu wote walinyoosha mikono. Wa kushoto wa Ntwari haukupita kifua. Adolphe aliinama nyuma yetu akanong'ona, "Bibi mupya amekuvunja bega, eh?" Nilificha uso ndani ya kitabu cha nyimbo. Ntwari naye alicheka — halafu akashika bega, akafumba macho.

Alhamisi, 18 Septemba

Kikombe kilimponyoka. Chai yote chini. Anasema vidole vinalala, vinaamka vyenyewe. Nilitaka twende zahanati. Akasema, "Chérie, kama nilikosea, ile machine ingelia. Haikulia hata siku moja."

Ni kweli. Niliichukua nikaitazama. Safi, nzuri, kioo cheusi. Nikaibusu kwa sababu inanilindia mume. Usiniulize kwa nini nilisikia baridi mdomoni.

Jumatatu, 22 Septemba

Ameondoka tena. Mazoezi yamekwisha, Jumatano anashuka mpaka kwenye pampu kabisa. Hakuweza kufunga kamba za viatu, vidole vilikataa. Nikapiga magoti mlangoni nikamfunga mimi. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili kama anapima kitu. Nilijisikia malkia. Alipofika kwenye kona ya barabara hakugeuka kunipungia. Sijui kama ni bega.

Jumatano, 24 Septemba

Jirani yangu Mukashema amerudi kutoka Mombasa na mizigo yake ya biashara. Aliniita nije kumsaidia kupanga. Pakiti za krispi zimevimba, ngumu kama mpira.

"Ona, zimebeba mimba kabla yako, bibi harusi," akasema. Nikamuuliza kama zimeoza. "Hapana. Kule baharini zilikuwa nyembamba. Gari inapanda, zinavimba. Kila mlima, zinavimba. Kwa sababu huku tuko juu."

"Huku ni chini," nikasema.

"Chini ya Minembwe, ndiyo. Juu ya bahari ni mbali, mama!"

Alibonyeza moja kwa mikono miwili, ikapasuka. Krispi zikaruka mpaka mlangoni. Mukashema alicheka. Mimi nilibaki nimesimama.

Mlima mdogo. Kompyuta haijui Minembwe. Inahesabu kutoka baharini. Mwalimu wetu wa fizikia alituambia: ukiwa juu, hewa ni nyepesi, gesi inatoka kwa nguvu zaidi. Ile mashine inadhani Ntwari atatokea pwani. Inamwambia toka, kabla muda haujafika. Ndiyo maana haikulia. Bega. Madoa. Vidole. Na leo ndiyo chini kabisa.

Nilikimbia nyumbani kwenye simu, nikapiga. Adolphe alipokea, yuko ndani ya mtumbwi. "Shemeji! Pampu tayari iko mu kamba, tunaivuta. Bwana yako ni mwanaume kweli."

Yuko wapi?

"Palier ya mwisho. Namuona mapovu."

Nikamwambia avute kamba ya Ntwari, ile ya ishara, amwambie abaki pale. Abaki sana. Nimezima mlima, nikasema, ni mimi nimeuzima.

"Mlima gani, Sonia? Machine itamwambia."

Inadanganya! Mwambie abaki!

Akasema ngoja kidogo. Ameweka simu chini ndani ya mtumbwi, hakuikata.

Simu iko kitandani, sauti nimeifungua yote. Naandika ili mikono iwe na kazi. Nasikia maji yanagonga ubao. Nasikia Adolphe anahema, kama mtu anavuta. Sijui anavuta kamba ipi. Mbali, ufukweni, sauti za wachuma chai.

Sasa wanapiga vigelegele. Makofi. Mtu anaita jina la mume wangu, wote wanaitikia.

Ni kwa ajili ya pampu. Mungu wangu, iwe ni pampu tu iliyotoka.

Adolphe hapigi makofi. Anasema, "Ntwari. Ntwari, niangalie—"