Maji Yaliyo Nyuma ya Ukuta

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti lako siku hizi linakubali kwenda sokoni bila ugomvi. Mimi ni mzima, ila nanuka dizeli hata baada ya kuoga.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu mpya ni ipi, mtandao ukakata kabla sijafika popote. Ni hivi. Huu mgodi ulifungwa miaka mingi iliyopita, na shimo lake likajaa maji mpaka likawa ziwa. Sasa wenyewe wanataka kuchimba tena, kwa hiyo lazima maji yatoke kwanza. Mimi nasimamia pampu. Zinaelea juu ya jukwaa, zinavuta maji, na bomba linayapandisha hadi kwenye mabwawa tunakoyaacha mpaka tope lake lituame. Baada ya hapo ndipo yanaachiwa mtoni.

Ungedhani tunawasha na kwenda zetu kulala. Wapi! Tunashusha maji kidogo, kisha tunazima tuuache ukuta wa shimo upumzike, maana mwamba nao umenyonya maji na yanahitaji muda wa kuchuruzika. Sasa hivi ni zamu ya kupumzika. Nimefua nguo zote nilizonazo, na ninakuandikia nikiwa nimejifunga shuka.

Binti yako wa pekee

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, linalalamika tu likiona ndoo. Hiyo shuka imenichekesha mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nina jambo, na nalileta kwa barua kwa sababu kwenye simu wewe ni "sawa mama" halafu kimya. Unamkumbuka fundi redio wa pale kona, yule mrefu aliyefiwa na mkewe? Tangu mwaka jana redio yangu imeharibika mara nyingi kuliko redio yoyote mjini. Nilidhani imezeeka. Siku moja nikamfuma anaulegeza waya yeye mwenyewe kabla ya kuondoka, ili nimwite tena. Nikamwambia akae anywe chai, aache kuitesa redio ya watu.

Ameniomba tuoane. Nimekubali kwa moyo mweupe. Lakini nimemwambia wazi kwamba sitaolewa bila wewe kuwa kando yangu. Baba yako ametutoka miaka saba sasa, na tulimzika tukiwa tumeshikana mikono mimi na wewe. Katika hili pia nataka tuwe wawili. Niambie unaonaje, na lini utakuja.

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo nyumbani. Nisamehe kwa ukimya, kazi zimenibana.

Kuta za shimo hili zimekatwa ngazi ngazi, kila ngazi pana kiasi cha kupita lori, na maji yameshuka hadi ngazi ya pili. Kumbe watu wa jirani walipandikiza samaki humu zamani. Maji yalivyopungua wamebanana, basi msimamizi amewaruhusu majirani waje na nyavu zao. Kambi nzima inanukia samaki wa kukaanga na mpishi wetu amenenepa mashavu. Pampu ya tatu ilikuwa inakohoa, tumeibadilisha mpira, sasa inavuta vizuri.

Kuhusu fundi redio, sina neno. Likizo hatupewi mpaka tufike ngazi ya nne, huenda ikawa mwisho wa mwaka. Msinisubiri.

Binti yako

14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Niliuliza habari za ndoa, nikajibiwa habari za samaki. Haya, nimefurahi mpishi amenenepa.

"Sina neno" si jibu. Nimekuzaa mimi, najua ukiwa na neno na ukiwa huna.

Nilimsomea fundi barua yako. Hakukasirika. Aliuliza hiyo pampu ya tatu ilikohoa vipi hasa, halafu akasema, "Basi tutasubiri shimo likauke." Wambea wa sokoni wananiuliza tarehe kila wakiniona. Nawaambia harusi yangu iko chini ya maji.

Tutasubiri.

Mama yako

20 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujasikia kwa mtu mwingine: mimi ni mzima, na hakuna aliyeumia.

Barua yako niliisoma mara tatu. Nikaona heri shimo likauke upesi, nije niketi kwenye hiyo harusi, nirudi, yaishe. Zamu ya kuupumzisha ukuta ilipofika msimamizi alikuwa safarini, nami sikuzima pampu. Maji yakashuka haraka, nikajiona hodari. Siku chache baadaye tukasikia mngurumo, na kipande cha ukuta kikubwa kuliko nyumba yetu kikaporomokea majini pamoja na bomba.

Maji ya shimoni ndiyo yaliyokuwa yanaushikilia ukuta, mama. Ukiyaondoa haraka, yale yaliyobaki ndani ya mwamba yanausukuma kutoka nyuma, na mbele hakuna wa kuuzuia. Hili nalijua kama jina langu, na bado nikafanya nilichofanya. Msimamizi alinisema mpaka masikio yakawaka moto. Kisha akasema pampu hazitawashwa kwa miezi miwili, na mimi niende nyumbani nikatulize kichwa. Nimemwambia afadhali nibaki nikague nyufa.

Nitakuambia ukweli. Kila nikimfikiria mwanamume mwingine akivua viatu pale mlangoni alipokuwa anavivua baba, nalia. Mtu mzima na buti zangu za mpira, nalia kando ya pampu. Fundi hajanikosea kitu. Ninamkosa baba tu.

Binti yako

1 Julai

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, na pole sana. Maadamu wewe ni mzima, bomba litanunuliwa jingine.

Baba yako alipofariki, watu walinijia na maneno ya kunikausha: jikaze, maisha yaendelee, wewe bado una nguvu. Sikuwasikiliza. Nililia kila nilipojisikia kulia, miaka yote hiyo, mpaka siku moja nikacheka kwa sababu ya waya wa redio na nikaona sijaporomoka. Wewe ulirudi kazini wiki ile ile ya mazishi. Ulikuwa unanipigia simu kuniuliza kama nimekula. Hakuna aliyekuona ukilia hata mara moja, na watu wakakusifia.

Sitaki uje ukiwa mkavu. Njoo hivyo hivyo ulivyo. Ukilia mbele ya wageni tutalia wote, kisha tutakula. Fundi anasema atakuwa anavulia viatu mlango wa nyuma, mpaka siku utakayomwambia vinginevyo. Nikamwambia mlango wa nyuma umekwama tangu mvua za mwaka jana. Akatoa bisibisi mfukoni.

Harusi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Hizo nyufa mwachie mwenzako azikague. Na barua hii usiijibu. Nikiona bahasha yenye mwandiko wako nitajua umebaki huko. Nisipoiona, nitakutandikia kitanda.

Mama yako