Najua Majibu Tu

Jumapili. Upepo mkavu tangu alfajiri, na pamba iliyodondoka kutoka kwenye malori imenasa kwenye majani ya kando ya barabara. Nimerudi Bariadi alasiri nikitokea Kalemela. Miguu imevimba kwa kukaa garini, na moyo nao ni kama umevimba.

Nina jambo la kukiri. Mimi huwaambia watu kwamba napiga muziki. Ukweli ni kwamba napiga nusu yake.

Wanaonifahamu wanajua nilifundisha jiografia hapa mjini hadi nilipostaafu. Wachache wanajua kwamba miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na maduka yakaanza kujaa vitu, Jumamosi mchana nilikuwa mwanafunzi nyuma ya duka la spea za baiskeli. Walimu wangu walikuwa wawili. Sefu, mwenye duka, mtu wa Ujiji aliyehamia kwetu, alipiga kinanda cha mdomo, kile kidude cha bati chenye matundu ambacho wengine hukiita harmonika. Mzee Nkwabi, fundi wa mashine katika kiwanda cha kuchambulia pamba, alipiga gitaa. Ujana wake aliumalizia kwenye bendi za Mwanza, na huko ndiko alikojifunza kwa baharia mmoja wa meli za ziwani aliyekuwa na sahani nyingi za santuri.

Hapa nieleze kidogo, maana vijana huchanganya. Zamani bendi zetu nyingi zilijiita jazi, ingawa zilipiga rumba. Mimi jazi yenyewe niliisikia kwenye redio ya masafa mafupi, nikaenda kwa Mzee Nkwabi kumwomba anifundishe gitaa la jazi.

"Ya jina au ya kweli?" akaniuliza.

"Ya kweli, Mzee."

"Basi uanze kwa mama yake."

Mama yake ni bluzi, muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi. Ndivyo nilivyoanza.

Gitaa lilikuwa moja, la Mzee. Alinionyesha mahali patatu pa kubana nyuzi, tulipopaita G, C na D, akaniambia nyimbo nyingi za bluzi zinaishi katika vyumba hivyo vitatu. Baada ya majuma machache vidole vyangu vilikuwa malengelenge matupu, hata chaki sikuweza kuishika vizuri. Akasema vidole vipumzike, kwa sasa nihamie kwa Sefu.

Sefu alinipa kinanda kilichoandikwa C na kuniambia tutapiga kwa G. Nilidhani amekosea. Hakukosea. Ukipiga hivyo, sauti nyingi unazozihitaji huzipati kwa kupuliza, unazipata kwa kuvuta pumzi ndani. Na sauti inayovutwa inakubali kukunjwa: unaishusha kidogo kwa ulimi na koo hadi inalalamika. Mimi nilikuwa napuliza tu.

"Mwalimu, hupozi uji," Sefu aliniambia. "Kunywa! Kunywa ungali wa moto!"

Nilikunywa huo uji miezi minne kabla sauti haijakunjika. Mtaani wakasema mwalimu wa kike anatafuna gunzi la mahindi nyuma ya duka la mwanamume. Mume wangu, Mungu amrehemu, alisema afadhali gunzi kuliko gongo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Bluzi ni mazungumzo. Mstari mmoja una mapigo manne, na kila pigo unalihesabu moja mpaka nne. Mawili ya kwanza mtu anasema jambo, kwa sauti au kwa gitaa. Mawili ya mwisho mwingine anamjibu. Mstari unarudiwa, kisha wa tatu unafunga. Mzee Nkwabi ndiye aliyekuwa akiuliza kwa gitaa, Sefu akijibu kwa kinanda. Nilipoiva kidogo Sefu aliniachia kiti chake, yeye akarudi mbele kuuza pedeli na minyororo.

Kwa Wasukuma mdogo ndiye anayeanza salamu, mkubwa anaitika. Nilimwambia Mzee Nkwabi kwamba huku kwenye bluzi tumepindua mila, yeye mkubwa anaanza na mimi mdogo naitika. Alicheka mpaka akaweka gitaa chini. Akaniita mama kwa Kisukuma: "Ukishakua utaniamkia, mayu. Nitakufundisha na kuuliza."

Mwaka uliofuata aliniita kweli. Alisema vidole vyangu sasa vimepona, nije Jumamosi nikamate gitaa, anipe maswali yake, yale manane aliyokuwa akiyapiga kila mara. Nami nilikuwa na madaftari ya kidato cha nne ya kusahihisha.

Nikamjibu, "Baada ya mitihani, Mzee."

Majuma mawili tu. Niliona ni muda mfupi. Lakini wanunuzi binafsi walikuwa wameshaingia vijijini na mizani zao, pamba ya wakulima haikuwa tena ya ushirika peke yake, na kiwanda kikawa hakina cha kuchambua. Wafanyakazi wakapunguzwa. Mimi najaza alama kwenye fomu, Mzee Nkwabi anapakia vitanda vyake kwenye lori kwenda kwao Kalemela. Nilipofika nyuma ya duka na vidole vyangu vilivyopona, Sefu alikuwa amekaa peke yake.

Tulijaribu mimi na Sefu. Majibu mawili hayazungumzi. Baadaye naye akafunga duka akarudi Ujiji, na huko ndiko alikozikwa.

Kwa hiyo miaka yote hii najua majibu tu.

Watu huuliza kwa nini sikwenda Kalemela mapema. Si mbali. Nilikuwa na watoto, na kazi, na kuuguza. Hizo ndizo sababu ninazozitoa. Sababu ya kweli ni aibu. Mtu alinipa kitu chake cha thamani nikamwambia asubiri nisahihishe madaftari.

Juma lililopita nikasikia amepata kiharusi, upande wa kushoto. Kwa mpiga gitaa mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi. Nikaona nikichelewa tena, yale manane yatazikwa.

Leo asubuhi nimepanda gari, nikabadilisha Lamadi, saa nne nilikuwa uani kwake. Mke wake, Mama Shija, alikuwa anaanika dagaa. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Mwalimu! Umezeeka kweli."

"Na wewe je?"

"Mimi nilizeeka zamani, nikazoea. Umekuja na gunzi lako?"

Nilikuwa nalo mkobani. Mzee Nkwabi alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, mkono wa kushoto umelala pajani. Nilimwamkia. Aliitika kwa shida, maneno yanatokea upande mmoja wa mdomo, lakini macho ni yale yale. Nikamwomba msamaha wa mitihani. Mama Shija ilibidi anirudishie jibu lake, kwa kuwa sikulielewa.

"Anauliza, walifaulu?"

Nilimwambia nilichofuata. Akajaribu kuniimbia swali la kwanza. Sauti ilitoka moja tu, haipandi wala haishuki, kama nyuki ndani ya chupa. Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu, kisha akageuza uso kwenye mabua ya pamba kando ya ua.

Sikujua la kufanya, nikatoa kinanda. Nikahesabu kichwani mapigo mawili matupu, nikaingia na jibu. Nikahesabu tena, nikaingia. Mguu wake wa kulia ukapiga chini.

"Mapema," akasema. Hilo nililisikia vizuri. "Sijamaliza."

Nikaacha kupiga. Uani palikuwa kimya, kuku tu na upepo. Lakini yeye alikuwa anauliza! Maswali yote yapo kichwani mwake, mazima, na mlango wa kutokea haupo. Nilikaa hatua mbili kutoka kwenye kitu nilichokitamani nusu ya maisha yangu, na sikuweza kukifikia.

Mama Shija akaingia ndani akaleta gitaa. Nyuzi zimebaki tano, moja ina kutu. Mzee akalisukuma kwangu kwa mkono mzima, akasema maneno marefu ambayo mke wake aliyasikiliza mpaka mwisho.

"Anasema wewe ni mwalimu. Mtoto akiandika jibu kwenye daftari, huwezi kujua aliulizwa nini?"

Jamani.

Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na mitano. Ninajua. Ukisoma "kwa sababu ya upepo wa kusi", unajua mtoto aliulizwa kuhusu mvua. Nikalikamata gitaa, vidole laini kama vya mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nikaliwaza jibu la kwanza la Sefu, jinsi linavyoanza juu na kushuka likinung'unika, nikajiuliza mtu angeambiwa nini hata anung'unike hivyo. Nikatafuta. Nilikosea mara nyingi, Mama Shija akaanua dagaa wote akamaliza, akatuletea uji, ukapoa. Kufika saa saba nikapata kitu. Kifupi, sauti sita, kimekaa kwenye G kisha kinateleza.

Nikakipiga, nikanyamaza.

Mzee Nkwabi akaitika. Kwa ile sauti yake moja ya nyuki, lakini mahali penyewe hasa, hakutangulia wala hakuchelewa. Nikarudia mstari, akaitika. Nikafunga, akafunga nami.

Akatikisa kichwa. Nilimuuliza, "Ndilo?"

"Silo," akasema. Akapumua. "Linajibika."

Mama Shija akacheka, akasema huyu mzee hajawahi kumsifia mtu maisha yake yote, nishukuru na nile.

Nilikula. Nilishukuru. Lakini pale Lamadi, nikisubiri gari la Bariadi, nililia kwenye kanga kama mtoto, na machozi yale hayakuwa ya furaha. Ninalo swali sasa, langu, na nilitaka lake. Nilitaka lile lililokuwa likinisubirisha nyuma ya duka, kinanda mdomoni, pumzi nusu. Hilo limeshamtangulia mwenyewe kaburini, naye yu hai bado, anakunywa uji uani kwake.

Yamebaki saba. Huenda nayo nitayakosea yote.

Jumapili ijayo nakwenda tena Kalemela na seti mpya ya nyuzi. Nitamuuliza vibaya, na nitamsikia akiitika.