Chuma ya Pascal

Bunia, Jumanne, 2003

Haikutoka. Nilivuta kwa mikono miwili, haikutoka.

Leo tulikusanya mifupa ya watu waliouawa vitani nyuma ya tanuru la matofali, tuizike vizuri. Nikainua mfupa wa paja wenye chuma kichwani.

Baraka, mchimbaji mwenzangu, akasema, "Muzee, toa hiyo chuma, tuzike mufupa tu."

"Haitoke."

"Weye nguvu imekwisha. Leta hapa."

Naye alishindwa.

Chuma hiyo naijua, ninayo kama hiyo nyongani. Mimi na rafiki yangu Pascal tulianguka na lori moja, tukapasuliwa na daktari mmoja: yeye kushoto, mimi kulia. Daktari alisema hatatia saruji ya kuigandisha, mfupa wenyewe utakua na kuishika chuma. Alisema Ituri nzima wa namna hii ni sisi wawili. Turudi baada ya miaka kumi, aone kama imeshika. Vita ikaja, akakimbia.

Mfupa wa leo ni wa kushoto.

Tangu Pascal apotee mwaka jana, mke wake Mama Furaha ananiuliza kila Jumapili, "Shemeji, hawajamuona kule Ariwara, mpakani?" Nami nilimwambia huenda alivuka mpaka. Nilisema hivyo ili nilale.

Mfupa sikuuzika. Nimeufunga katika shati langu, uko chini ya kitanda. Nikigeuka nyonga inauma, na naona kama Pascal ananiita...

Kesho nitampelekea mkewe. Sijui nitaanza na neno gani. Mwaka huu ni wa kumi, na chuma ya Pascal imeshika.